Kofia Moja Iliyobaki Machoni mwa Bi Saumu

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime, maana hadithi hii haitaki msikilizaji nusu. Si ya kumlaza mtoto, ni ya kugombania. Nimeshaisimulia katika nyumba tatu, na mara zote tatu watu wameondoka hawasemeshani. Nikimaliza nitawauliza swali moja, na nyinyi ndio mtakaojibu, kwa sababu mimi mwenyewe limenishinda. Wewe uliyeegemea mlango nakujua kwa pupa yako. Usijibu kabla sijafika.

Pale Wete palikuwa na watu watatu, kila mmoja na chake alichojaaliwa.

Wa kwanza ni Hamadi Kombo, fundi wa simu na kompyuta. Hamadi alijaaliwa mikono mitulivu. Chombo kikifa, wengine hukitupa. Yeye hukifungua taratibu na kukitoa kilichokuwa ndani. Watu walimpelekea simu zilizotumbukia chooni akawarudishia picha za harusi zao, na wakati mwingine alikataa hata kuelezwa ilikotumbukia.

Wa pili ni Maalim Mbarouk, mwalimu wa chuo cha Kurani. Yeye alijaaliwa khati. Akishika kalamu yake ya mwanzi, herufi za Kiarabu zinashikana na kuachana kwa namna ambayo hata asiyejua kusoma husimama akatazama. Uzee ulikuwa umeanza kumtetemesha mkono, lakini khati ilikuwa bado haijamkimbia.

Wa tatu ni Subira Makame, mwanamke wa miaka ishirini na sita, aliyeajiriwa katika steshenari moja karibu na soko. Subira alijaaliwa jicho la kipimo. Picha ikikaa upande kwa unene wa ukucha, anaiona tangu mlangoni, na haiwezekani kumwambia aiache hivyo hivyo. Tajiri wake, mwenye duka, alilichukia sana jambo hilo.

Sasa wekeni hao watatu pembeni, nikwambieni habari za Bi Saumu Shaame.

Bi Saumu alikuwa fundi wa kofia, zile nyeupe za kutarizi kwa mkono, zenye vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja mpaka kofia nzima iwe ua. Kofia moja humchukua miezi minne. Kichwani mwake alikuwa na michoro sitini na mmoja, mingine ya mama yake, mingine ya bibi yake, na mingi aliyoitunga mwenyewe na kuipa majina: Njia ya Siafu, Nyota Tisa, Bibi Harusi Kachelewa. Yote aliichora kwenye karatasi za mifuko ya saruji kwa ukubwa ule ule wa kofia, ili mwanamke akilaza kitambaa chembamba juu yake aweze kuufuata mchoro kwa penseli.

Kisha macho yakaanza kumwisha. Daktari aliiita presha ya macho. Jicho la kushoto likafa kabisa. La kulia likabaki linaona kwa kadiri ya tundu la funguo, na tundu lenyewe likawa linazidi kuziba. Akapangiwa kupasuliwa Unguja siku ya Jumatatu. Daktari alikuwa mkweli, akamwambia kwamba huenda akatoka na mwanga kidogo, na huenda akatoka bila kitu. Boti ya kumpeleka ilikuwa ya Jumapili.

Alikuwa na binti mmoja, Riziki, mwalimu wa jiografia. Kwa miaka miwili Riziki alikuwa akimtengenezea mama yake kitabu. Aliipiga skani michoro yote, akaisafisha kwenye kompyuta, akaipanga katika kurasa themanini na nne, na kila mchoro akauandikia jina mara mbili: kwa herufi za Kizungu, na kwa herufi za Kiarabu. Hizo za Kiarabu ndizo anazozisoma Bi Saumu, kama alivyofunzwa chuoni utotoni. Za Kizungu hazijui.

Lakini kitabu kilikuwa na tatizo moja ambalo Riziki peke yake hakuliweza. Karatasi za saruji zina madoa. Alipokuwa akiyafuta madoa kwenye kompyuta, mara nyingine hakujua kama kinukta anachokifuta ni uchafu au ni kitundu cha kofia. Aliyejua ni mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo alikuwa amebakiwa na siku tatu za kuona. Bi Saumu alitaka kitabu kilichochapwa, kwenye karatasi, akipitishe chini ya jicho lake mchoro baada ya mchoro kabla ya boti ya Jumapili. Asipokipitia, wanawake watakaokuja nyuma yake watashona makosa na kuyaita kofia za Bi Saumu. Hilo ndilo lililomnyima usingizi, si kisu cha daktari.

Alhamisi asubuhi Riziki akaenda steshenari na flashi yake. Kompyuta yake ya mkononi ilikuwa imekufa mwezi mmoja nyuma, paa lilivuja mvua ya usiku kucha ikaingia ndani yake. Hakuwa na wasiwasi, kwa sababu faili la kitabu alikuwa ameshalihifadhi kwenye flashi hiyo. Tena alikuwa amemuuliza Subira mapema, kompyuta ikiwa bado nzima, na Subira, akihudumia watu watatu kwa pamoja, akamjibu kuwa kitabu chote kimo ndani ya faili, alete hilo tu.

Subira akalifungua. Maandishi yalikuwepo. Nambari za kurasa zilikuwepo. Pale panapokaa michoro palikuwa na visanduku vya kijivu vyenye alama ya mkato, sitini na kimoja, vitupu.

Subira akapauka. Alijua papo hapo alichokifanya. Programu ile ya kupanga kurasa haizimezi picha. Inakumbuka tu zilikowekwa, na kila ukifungua kitabu inakwenda kuzichukua huko. Huko kwenyewe ni kwenye folda ndani ya kompyuta iliyolowa. Riziki alipaswa kuleta faili na folda pamoja, na aliyemwambia kinyume alikuwa yeye.

Riziki akakimbia nyumbani kuchukua karatasi zenyewe za saruji. Alikuwa amezitia kwenye kisanduku cha mbao, sakafuni, chini ya kitanda. Alipoinua kifuniko, mchwa walikuwa wameshamaliza kazi yao. Palibaki udongo na vipembe vinne vitano vya karatasi visivyotosha hata mchoro mmoja. Alikaa chini pale pale akalia kwa sauti, na mimi ninayewasimulia nilimsikia, kwani ukuta wetu ni mmoja. Nilipoingia aliniambia, "Mama macho yanamwisha, na kazi aliyoyamalizia macho hayo nimeipoteza mimi." Bi Saumu alikuwa chumba cha pili, amelala na dawa jichoni, anauliza kitabu kimefika wapi.

Riziki akaenda kwa Hamadi. Hapo lazima niwaambie jambo, mlipime wenyewe. Miaka miwili kabla, Hamadi alileta posa ya kumuoa Riziki, na Bi Saumu akaikataa. Alisema hawezi kumpa mwanawe mtu anayelala chumba kimoja na maiti za kompyuta. Kwa hiyo Riziki alipofika dukani kwake na ile mashine iliyokufa kwapani, aliona aibu hata ya kusalimia.

Hamadi aliipokea mashine. Akaifungua, akaitoa diski, akaiangalia kwa muda mrefu kisha akamwonyesha. Diski yenyewe ilikuwa nzima. Kilichooza ni kibao kidogo kilichofungwa mgongoni mwake. Kibao cha aina ile kilikuwepo kimoja tu anachokijua yeye Pemba nzima, nacho kilikuwa kwenye diski ya kompyuta yake mwenyewe, yenye kazi yake ya miaka minane na picha zote za marehemu mama yake, isiyosomeka bila kibao hicho. Akasema kikihamishwa kinaweza kuungua. Riziki akamuuliza, na vyako?

"Vyangu nimeshaviona," Hamadi akasema. "Mama yako vyake bado anataka kuviona."

Akakihamisha. Diski ikazunguka, folda ikatokea, akaanza kunakili mchoro mmoja mmoja huku amekishikilia kibao kwa kidole asikitikise. Alikaa hivyo tangu adhuhuri mpaka karibu na magharibi. Mchoro wa sitini na moja ulipoingia, kibao kikatoa harufu, kisha moshi mwembamba, basi. Miaka minane ikaenda nacho. Hamadi alimpa Riziki flashi, akafunga duka, akaenda zake nyumbani kwa miguu.

Bila Hamadi, kitabu ni visanduku vya kijivu. Hilo liwekeni akilini.

Ijumaa asubuhi Subira akaviunganisha upya visanduku na michoro yake, akachapa kurasa tano za mwanzo, Riziki akazipeleka mbio kwa mama yake. Bi Saumu akaisogeza karatasi mpaka ikagusa pua. Michoro aliiona, akatikisa kichwa kwa furaha. Kisha jicho likashuka kwenye jina la mchoro, na uso wake ukabadilika.

"Nani kaniandikia haya?" aliuliza. "Herufi zimekatwakatwa, na zinakwenda kinyume. Mimi haya siyasomi."

Ilikuwa kweli. Kwenye kompyuta ya Riziki programu ilikuwa imewekwa tayari kwa maandishi yanayotoka kulia. Ile ya steshenari haikuwekwa hivyo, na ilipoyapokea maneno ya Kiarabu ilizipanga herufi moja moja kutoka kushoto, kila moja peke yake, kama watu walionuniana. Dukani hakuna aliyeligundua hilo, kwa sababu dukani hakuna aliyeweza kusoma. Subira akajaribu fonti sita. Akajaribu kuiweka programu upya, ikakataa, inataka intaneti, na intaneti siku ile ilikuwa ikija na kuondoka. Bi Saumu akasema yuko tayari kuiona michoro bila majina. Lakini alisema kwa sauti ndogo, na Riziki akajua kwamba mama yake anaambiwa akiage kitabu chake mwenyewe bila kukisoma.

Majina yale yaliweza kuandikwa kwa mkono, yakapigwa skani, yakatiwa ndani kama picha. Picha haikatwikatwi na programu. Lakini mkono uwe wa nani? Wete nzima ingekujibu jina moja.

Na hapo pana jambo la pili la kulipima. Maalim Mbarouk alikuwa mtalaka wa Bi Saumu. Baada ya baba yake Riziki kufariki, walioana, wakakaa miaka minne, wakaachana vibaya. Tangu hapo ni miaka kumi na tisa, nyumba zimeachana vichochoro viwili, na salamu hakuna. Akipita huyu, yule hufunga dirisha.

Riziki alimngoja baada ya sala ya Ijumaa, akamweleza shida na kumwonyesha orodha ya majina. Maalim akamuuliza swali moja tu: "Yeye anajua umekuja?"

"Hajui, Maalim."

Akaichukua orodha akaingia ndani. Mkono wa kulia ulitetemeka, akawa anaushika kwa wa kushoto na kuandika hivyo, mikono miwili kwa kalamu moja. Jina likiharibika analiacha na kuanza upya. Aliandika hadi adhana ya magharibi ikamkuta na majina arubaini, na Jumamosi baada ya alfajiri akaendelea. Katikati ya orodha akakutana na mchoro unaoitwa Kaondoka Bila Kuaga. Hakuhitaji kuambiwa umetungwa mwaka gani na kwa ajili ya nani. Riziki aliyekuwa ameketi mlangoni anasema Maalim aliichonga upya kalamu yake, kisha akaliandika jina lile kwa uzuri kuliko yote sitini yaliyobaki, akamkabidhi.

Bila Maalim, mwenye kitabu asingeweza kukisoma kitabu chake. Nalo liwekeni.

Sasa ni Jumamosi saa tatu asubuhi. Subira akayatia majina mahali pake, akaiamuru programu itoe kitabu kizima tayari kwa kuchapa. Mstari wa kuonyesha kazi ukaenda vizuri, ukapita nusu, ukasimama. Kompyuta ikaganda. Akaizima, akaiwasha, akaanza tena, ikasimama pale pale. Mara ya tatu Riziki akaegemea ukuta akafumba macho. Alikuwa hajala tangu juzi.

Subira hakuirudia mara ya nne. Alikata kitabu vipande viwili. Nusu ya kwanza ikatoka safi, nusu ya pili ikaganda. Akaikata hiyo iliyoganda, tena vipande viwili, akatoa kizuri na kukifuata kibaya, na kila mkato unakula robo saa. Mwishowe akaufikia ukurasa mmoja, wa hamsini na mbili. Mchoro wake ndio ule wa mwisho kunakiliwa, nao ulikuwa umejeruhika kidogo wakati kibao kinaungua. Ulionekana mzima kwenye kioo, lakini programu kila ikijaribu kuupitisha inasakama. Akaufungua peke yake, akauhifadhi upya kwa jina jipya, akaurudisha. Kitabu kikatoka. Printa ikaanza kutema kurasa, na watu waliokuwa kwenye foleni wakashangilia, hata wasiojua ni kitabu cha nini.

Aliyekataa kushangilia ni Subira. Aliuchukua ukurasa mmoja akautazama kwa upande. Chini ya kila ukurasa Riziki alikuwa amechora mstari wa sentimita kumi, uwe kipimo. Subira akaweka rula. Mstari ulikuwa na sentimita tisa na nusu.

Ndugu zangu, nusu sentimita ni nini? Kwenye barua si kitu. Kwenye kofia ni kofia ya mtu mzima kumkaa mtoto wa darasa la nne. Kila mwanamke ambaye angelaza kitambaa chake juu ya kitabu kile angeshona miezi minne, kisha kofia isiingie kichwani. Kosa lilikuwa alama ndogo kwenye dirisha la kuchapa, inayoiambia printa ipunguze ukurasa ili uenee kwenye karatasi. Tajiri wa duka ndiye anayeiacha imewashwa daima, kwa ajili ya barua za wateja. Subira akaiondoa. Sasa printa ikawa inakata kingo za michoro mikubwa, kwa sababu haifiki mwisho wa karatasi. Hapakuwa na njia ila kuisogeza michoro kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa, kitabu kizima.

Tajiri akaja akaiona foleni. Kadi za harusi zilikuwa zinangoja, na mitihani ya shule mbili. Akamwambia Subira amalize na watu wengine kwanza, kile kitabu kinasomeka, nusu sentimita hakuna atakayeijua. Subira akasema hainuki kitini. Tajiri akamwambia wateja wakiondoka, na yeye aondoke nao. Subira hakugeuka. Saa kumi kasorobo alifunga kurasa themanini na nne kwa waya, akamkabidhi Riziki, akachukua mkoba wake na chupa yake ya chai. Mpaka leo hajarudi pale.

Bila Subira, kitabu kingekuwa kizuri, chenye michoro yote na majina yote, na kofia zake zisingemwenea mtu. Hilo ni la tatu.

Bi Saumu alikipokea kitabu akiwa uani, penye mwanga. Riziki akashika kalamu nyekundu. Mama akapitisha ukurasa chini ya jicho, kidole kikitangulia na jicho likifuata, analisoma jina kwa sauti kisha anahesabu vitundu. Alipolisoma jina la kwanza alilirudia kwa kidole. Khati ile aliijua. Akaendelea. Mpaka jua linazama alikuwa amekuta vitundu vitatu vilivyofutwa kama madoa, na doa moja lililoachwa kama kitundu, na vyote Riziki akavitia alama. Ukurasa wa mwisho ulipoisha, Bi Saumu akakilaza kitabu mapajani akalia, na sisi sote tuliokuwepo tukalia naye. Kesho yake akapanda boti.

Mkidhani hadithi imekwisha, bado. Taabu ndiyo inaanza.

Kupasuliwa kulikwenda nusu kwa nusu. Alirudi na mwanga kidogo, na daktari akamwambia huo nao utakaa miezi minne, mitano akijaaliwa. Bi Saumu akapiga hesabu yake mwenyewe, akamwita Riziki.

"Macho haya yamebakiwa na kofia moja," alisema. "Nataka niishone kwa aliyekiokoa kitabu changu. Niletee kichwa nikipime."

Na kofia ya mkono wa Bi Saumu haishonwi hewani. Kwanza kichwa kinazungushiwa uzi, fundo linafungwa, na kutoka hapo kila kitundu kinahesabiwa kwa kichwa hicho. Ikishaanza, haibadilishwi. Ya Hamadi haimwenei Maalim, ya Maalim haimwenei mwingine. Wala msiniambie ashone mbili. Macho ya mbili hayapo.

Riziki akawaendea wote watatu, akidhani mmoja atajitoa. Walikuwa wamemfanyia wema, lakini kofia ya mwisho ya Bi Saumu ni kitu ambacho Wete nzima itakizungumza mpaka wajukuu.

Hamadi alisema bila kuficha kwamba anaitaka. Yeye ndiye aliyeanza, wengine wote walifanyia kazi kilichotoka mikononi mwake, na yeye peke yake ndiye aliyepoteza kisichorudi. Ni kweli. Lakini nanyi mnajua, mama akimshonea kofia kijana aliyewahi kumkatalia posa, mji mzima utasoma kuwa posa imekubaliwa. Wapo wanaosema alipokiunguza kibao kile alikuwa anamtazama Riziki, si kitabu. Wapo wanaosema hata kama ni hivyo, kibao kimeungua vile vile.

Subira alisema kichwa chake hakivai kofia, lakini ana baba. Ametoka kazini kwa ajili ya nusu sentimita, na pale alipotoka hakuna anayemkumbuka kwa shukrani. Hata kofia zenyewe zitakazoshonwa kutoka kitabu kile zitaenea vichwa kwa sababu yake. Ni kweli pia. Lakini wapo wanaouliza, ni nani aliyemwambia Riziki alete faili bila folda? Aliyekutia shimoni akikutoa, unampa zawadi au unamwambia mmelipana?

Na Maalim hakuja wala hakujitetea. Alituma neno kwa mtoto wa jirani, fupi. "Mwambie kichwa changu hana haja ya kukipima. Kipimo anakijua." Bi Saumu alipofikishiwa hakula siku nzima. Kofia, kwetu, mke humshonea mume. Mwanamke akimshonea mtalaka wake baada ya miaka kumi na tisa, si shukrani tena, ni jibu. Na huenda anataka kulitoa. Au huenda Maalim ametumia khati yake kuomba asichokiomba kwa mdomo. Mimi sijui. Riziki naye hajui, na mama yake amekataa katakata kuchagua. Anasema yeye wakati ule hakuona kitu, aliyeona nani alifanya nini ni Riziki, basi aseme yeye.

Siku tisa zimepita. Kila asubuhi Bi Saumu anauliza, kichwa cha nani? Kila asubuhi Riziki anasema, nipe kesho. Juzi nilimkuta mama ameketi uani na sindano, anajaribu kutia uzi. Amekosa tundu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaniambia nimtilie, nikamtilia, nikaondoka haraka asiuone uso wangu.

Basi zamu yangu imekwisha, semeni nyinyi. Mmoja alileta michoro, mmoja akaleta majina, mmoja akaleta kipimo, na yeyote kati yao angekosekana, Bi Saumu asingekuwa na kitabu. Uzi wa kupimia auzungushe kwenye kichwa cha nani? Bishaneni mtakavyo, lakini msibishane sana, maana kila siku mnayoitumia mnaikata kwenye macho yale yale ya kushonea.